Komandi ya Mukono wa Kuume

Wamaza, tarehe 2 Juni 2024

Kwa shangazi yangu mupenzi Mama Latifa, ku Kasongo,

Asalamu aleikumu. Natumaini karatasi hii inakukuta umekaa dukani kwako na goti halikusumbui. Huku sisi tunapumua, na siku hizi mutu akipumua tunasema ana afya. Mihogo ya bondeni imeozeshwa na mvua, lakini maharagi yamekubali. Mama watoto anakusalimu sana. Usingoje simu yangu, antena ya hapa bado imelala, ndiyo maana naandika kama wazee wetu. Barua anabeba Glody, motari wa kwetu mwenye pikipiki, mutu anayejua kunyamaza ku barieri za wenye bunduki.

Shangazi, neno lenyewe ni juu ya mwanao, ndugu yangu Baraka. Tangu wenye bunduki walipoufunga mulima wa Kalonda, ng'ambo ya muto, na yeye akiwa kule anachimba zahabu, hakuna mutu wa Wamaza aliyevuka. Ukiuliza watu, wamoja wanasema wachimbaji wako kule kule, wanachimbishwa kwa nguvu. Wengine wanasema walipelekwa porini. Na wengine hawasemi kitu, wanaangalia chini. Hao ndio wananiogopesha.

Unakumbuka ndege zangu ndogo ulizokuwa unazicheka? «Mutu muzima mwenye ndevu anarusha frigoliti!» Basi ni hizo hizo. Frigoliti, lile povu gumu jeupe la masanduku ya chanjo, ni nyepesi, na ndege yake inaweza kuvuka muto bila kuomba ruhusa ya mutu. Nikiifunga kamera ndogo tumboni, ipite juu ya Kalonda, irudi, nitaangalia picha. Nikiona moshi wa jiko, ao shati moja kwenye kamba, nitajua watu wako.

Kinachokosa ni komandi, ile sanduku ya kushika mukononi inayoongoza ndege kwa radio. Hii ninayo ni ya Marcellin, rafiki yangu Mukristu. Waliiacha wapimaji wa ardhi aliokuwa akiwafanyia kazi kule Salamabila, na ndiyo aliyonifundishia. Lakini ni ya njia ine tu, na sauti yake imezeeka: ndege ikipita uwanja wa mupira haisikii tena. Nasikia shemeji Abedi anasafiri Dar es Salaam kuchukua bidhaa. Umuombe aniletee komandi ya njia sita.

Mungu atamurudisha Baraka.

Ni mimi mutoto wa kaka yako,
Iliasi


Kasongo, tarehe 30 Juni 2024

Wewe Iliasi,

Aleikumu salamu. Goti liko pale pale, linanitangazia mvua kuliko radio zako zote. Paa la duka limevuja juu ya chumvi, sasa nauza chumvi ya kunywa. Mujukuu wangu Fatuma ameota meno ya mbele, anauma kila anayepita, hata sheikh alimuuma kidole siku alipokuja kutuona. Soraya, muke wa Baraka, anakusalimu, anasema uwapakate watoto kwa niaba yake. Tuko wazima kiasi cha wazima.

Barua yako nilimusomea Abedi. Nikamuambia, huyu mutoto wa kaka yangu ana akili kweli? Anataka komandi ya njia sita, na kutoka Wamaza kwenda Kalonda njia ni moja tu, na hiyo moja imefungwa! Abedi alicheka mpaka akashika tumbo. Akanionyesha picha kwenye simu. Kuna za njia mbili, kuna za ine, kuna za sita, na kuna moja ya njia kumi yenye kioo kama televizioni. Nikasema, basi achukue ya kumi! Kama ni kumutafuta mwanangu, kwa nini nimutafute na kitu cha katikati? Lakini Abedi hajui njia ni nini, na mimi sijui. Ueleze vizuri, na ueleze kama unayemueleza mutu anayeuza chumvi.

Na jambo lingine nikuambie mapema. Wanawake wa mutaa wamekuja na mikeka, wanataka kukaa matanga. Nimewafukuza na mikeka yao. Mutu asiyeonekana si maiti. Jioni nikipakua, sahani ya Baraka inapakuliwa, na mwenye kucheka acheke. Wewe peke yako umeniletea neno la kutafuta, wengine wote wananiletea neno la kuzika. Mungu akuongezee.

Shangazi yako,
Latifa


Wamaza, tarehe 21 Julai 2024

Shangazi mupenzi,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Barua yako ilichelewa, Glody alilala ku barieri kwa sababu ya viatu vyake, walivipenda. Amefika peku. Tulicheka habari ya Fatuma na kidole cha sheikh, ilikuwa siku nyingi nyumba hii haijacheka. Umupe Soraya salamu zetu na umuambie moyo usianguke.

Sasa njia. Njia ni maneno ambayo mukono wako unaweza kuiambia ndege. Neno la kwanza linaambia mashini izunguke kwa nguvu ao polepole. La pili linaambia mukia, pua ipande ao ishuke. La tatu ni usukani, la ine ni mabawa, ndege ilalie upande huu ao ule. Kwa maneno ine ndege inaruka, hakuna zaidi. Lakini mimi nataka na la tano, la kugeuza jicho la kamera liangalie chini nikifika juu ya mashimo, kwa sababu likiangalia mbele tu nitakuletea picha ya mawingu. Na la sita ni akiba. Katika vitu vinavyofika Wamaza lazima kimoja kimeharibika njiani.

Ile ya njia kumi tuwaachie wenyewe. Ni nzito shingoni, inakula batri, na mambo yake ya kioo yatanichukua mwaka kuyajua. Ukubwa wa chungu siyo utamu wa mboga. Abedi aangalie vitu viwili tu. Kwanza, asikubali ile ya antena ndefu ya kuvuta, hiyo ni ya zamani kama ya Marcellin. Pili, ahakikishe risiva, kile kidude kinachokaa ndani ya ndege, iko kwenye karatoni moja na komandi. Risiva haisikii komandi ya mwingine, kama vile mutoto anavyojua sauti ya mama yake hata sokoni. Akileta komandi bila risiva yake, ameniletea kitu cha kutundika ukutani.

Nimeshapata jiwe la kusimamia, huku huku kwetu, kando ya muto. Ukiwa juu yake Kalonda unaiona wazi. Moshi sijauona, lakini miti ni mingi.

Mungu atamurudisha Baraka.

Iliasi


Kasongo, tarehe 8 Septemba 2024

Iliasi mwanangu,

Asalamu aleikumu. Mimi muzima. Fatuma muzima. Duka liko.

Abedi amerudi. Komandi unayo mbele yako, maana natuma pamoja na barua hii ndani ya gunia la unga, Glody anajua. Ni ya njia sita, haina antena ya kuvuta, na risiva iko ndani ya karatoni, nimeishika kwa vidole vyangu, kidude kidogo kama kipande cha sabuni. Nimeifunga na kitambaa changu ili isigongwe.

Na ujue, shangazi yako siku hizi ni fundi! Abedi alinipigia kutoka Dar, yuko mbele ya muuzaji. Anasema, «Mama, muuzaji anauliza, mashini mukono gani, kushoto ao kuume? Iko mbili.» Nikamuambia, swali gani hilo? Kwani sisi tunakula kwa kushoto? Tunaamkiana kwa kushoto? Kuume! Kitu cha kumutafutia mwanangu hakitaendeshwa na mukono wa msalani. Abedi akasema sawa mama. Unaona? Ungemuachia yeye angechukua ilimuradi, ukajikuta unamutafuta ndugu yako kwa mukono muchafu.

Anza kwa bismillahi. Usikimbilie Kalonda kabla hujaizoea, na kama mvua ipo, ngoja. Lakini usingoje sana.

Latifa


Wamaza, tarehe 13 Oktoba 2024

Shangazi mupenzi,

Asalamu aleikumu. Komandi imefika nzima, na unga tumekula, na kitambaa chako mama watoto amekiweka. Aksanti sana. Sijawahi kushika kitu kizuri namna hii. Nilimuonyesha Marcellin, alinawa mikono kabla ya kukigusa.

Usikasirike na hili ninaloandika. Sikujua kama ziko za aina mbili, ningejua ningekuambia tangu mwanzo. Komandi ya Marcellin mashini yake iko kushoto. Nimejifunza hivyo miaka yote, ndege ikianguka naisukuma kwa kushoto, inapata nguvu, inapanda. Kwenye hii uliyonichagulia, mukono wa kushoto unashika mukia. Nikisukuma kwa kushoto mbele, pua inaangalia chini. Kitu kile kile kilichokuwa kinaniokoa, hapa kinaniua. Siku ya kwanza nilivunja bawa, siku ya pili nikavunja pua.

Marcellin anasema tuifungue, tugeuze springi, mashini irudi kushoto. Nimeangalia ndani, iko vidude vya plastiki vinavyokatika kwa kuangaliwa tu, na maandiko yake ya kupanga ni Kichina. Nikiharibu hapa sina nyingine. Halafu, shangazi, umeichagua wewe, kwa nia yako. Nimeona haya kuigeuza. Nitaugeuza mukono wangu badala yake. Kila asubuhi niko uwanjani, najisemea kwa sauti, kuume nguvu, kushoto mukia, watu wanafikiri nimerukwa na akili. Polepole inaingia. Shida ni nikishtuka.

Barua yako haikuwa na salamu za Soraya. Ni mugonjwa?

Mungu atamurudisha Baraka.

Iliasi


Kasongo, tarehe 17 Novemba 2024

Iliasi,

Aleikumu salamu. Goti linauma, paa halijazibwa.

Umeuliza, basi usikie. Soraya hayuko hapa. Baba yake alikuja na mutumbwi kutoka Nyangwe, akakaa kwangu, akanywa chai yangu, halafu akasema binti yake ni kijana, hawezi kukaa kama muti uliokauka, si muke si mujane. Nikamuambia, mume wake yupo. Akaniuliza, «Yupo wapi, mama?» Kwa upole, Iliasi. Afadhali angenitukana.

Tulikwenda wote kwa sheikh. Sheikh akasema, Soraya asubiri miaka aliyotaja, ao aje mutu aliyemuona Baraka amekufa, aliyemuona kwa macho yake. Hapo ataingia eda, na eda ikiisha atakuwa huru. Nikamuuliza habari ya picha ya ndege yako. Akafikiri. Akasema, akionekana muzima kwenye picha, alhamdulillahi, muke abaki nyumbani kwake. Asipoonekana, picha haishuhudii kitu, mutu anaweza kuwa chini ya muti. Kisha yule baba akamuchukua Soraya wake wakasubirie Nyangwe, na Fatuma naye. Fatuma alining'ang'ania nguo. Tangu hapo nyumba hii ina sauti za panya tu.

Wanasema haraka haina baraka. Mimi sasa sina Baraka wala haraka sina, lakini wao wanayo. Kwa hiyo wewe ruka! Habari ya kuume na kushoto usinisumbue nayo, mukono ni wako, uuamrishe. Niletee picha ya mwanangu akiwa muzima nimupelekee yule muzee mupole wa Nyangwe. Hiyo tu. Kitu kingine chochote usiniandikie.

Latifa


Wamaza, tarehe 5 Januari 2025

Shangazi,

Asalamu aleikumu. Huku wote wazima. Maharagi tumevuna. Mama watoto anakusalimu.

Ndege imeanguka ng'ambo, Kalonda. Ilikuwa upepo. Picha hakuna. Komandi yenyewe ni nzima, nimeifunga kwenye kitambaa chako.

Mvua ni nyingi, njia mbaya. Nitaandika tena.

Iliasi


Kasongo, tarehe 26 Januari 2025

Iliasi,

Aleikumu salamu. Barua yako ilifika haraka kuliko zote, na ilikuwa nyepesi kuliko zote. Niliigeuza nyuma nikifikiri umeandika upande wa pili.

Mimi si mutoto. Nimeuza ndani ya duka hili tangu baba yako akiwa hai, na mutu akiingia akasema «leo sinunui, naangalia tu», najua kama ana njaa. Hukuniuliza habari ya Soraya. Hukuniuliza habari ya Fatuma, wewe unayemupenda kuliko watoto wako. Hukusema kama uliifuata ndege ao uliiacha. Wewe! Wewe uliyeniandikia ukurasa muzima juu ya kidude kama sabuni, ndege yako inaanguka na unaniandikia neno moja, upepo?

Na kuna jingine, hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kila barua umemaliza kwa kusema Mungu atamurudisha Baraka. Hii hukusema.

Nimemuuliza Glody. Anajua kunyamaza, kweli. Aliangalia chini.

Mimi sikuulizi kitu. Umesikia? Sikuulizi. Nakukumbusha tu nilichokuambia, kwamba nataka picha ya muzima. Kama ndege imeanguka, tengeneza nyingine. Frigoliti haijaisha duniani.

Latifa


Wamaza, tarehe 16 Februari 2025

Shangazi yangu,

Asalamu aleikumu wa rahmatullahi. Nakaa chini kuandika hii kwa mara ya ine. Mama watoto ameniambia nikiichana tena ataiandika yeye.

Hakukuwa na upepo. Asubuhi ilikuwa tulivu, maji ya muto yamelala. Nilisimama juu ya jiwe, Marcellin kando yangu ananisaidia kuangalia. Ndege iliondoka vizuri, kuume nguvu, kushoto mukia, nikaivusha muto. Njia ya tano ilifanya kazi, niligeuza kamera iangalie chini. Ilikuwa inarudi, shangazi. Ilikuwa imemaliza na inarudi. Marcellin akasema, «Muti, Iliasi, muti mbele!» Nilitaka kuipa nguvu ipande. Nikashtuka. Mukono wa kushoto ukaenda wenyewe, ukasukuma, kama miaka yote. Ndege ikainamisha pua ikaingia chini. Tuliisikia hata huku kwetu. Picha zote zilikuwa ndani ya ile kamera.

Nilikaa juu ya jiwe nikalia kama mutoto. Niliona nimemupoteza Baraka kwa vidole vyangu. Marcellin akaniangalia, akasema, «Twende tuichukue.» Nikamuambia watatuua. Akasema, «Labda.» Tukavuka kwa mutumbwi wa muvuvi mumoja, ukungu ukiwa bado juu ya maji.

Shangazi, hakukuwa na mutu. Hakuna barieri, hakuna bunduki, hakuna moto. Nyasi zimeota kwenye vibanda vyao. Wenye bunduki wameondoka zamani, sijui ni mwezi gani. Sisi wa Wamaza tulikuwa tunaogopa mulima mutupu, kila mutu anamuonya mwenziwe asivuke, na ng'ambo hakuna anayetuzuia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndege ilikuwa imelala ukingoni mwa shimo la zahabu. Walikuwa ndani. Sitakuandikia walivyokuwa. Baraka nilimujua kwa ukanda, ule wa mupira wa tairi niliomukatia mimi mwenyewe, na kwa meno yake ya mbele yaliyoachana. Nilimuona kwa macho yangu, siyo kwa kamera. Kamera sikuifungua, nimeiacha mule.

Tulimutoa. Nilimukunja ndani ya shati langu, tukachimba mahali pakavu chini ya muti, nikamuelekeza kibla. Nilimusalia peke yangu. Marcellin alisimama nyuma, kofia mukononi. Wale wengine tuliwafunika kwa udongo tukaenda kuwaambia watu wao.

Uliniandikia kitu kingine chochote nisikuandikie. Nimekutii tangu Januari, na kila siku ya kukutii naona Soraya amekaa Nyangwe, si muke si mujane, na mimi ndiye ninayemukalisha. Nimechoka kukutii. Mungu amurehemu Baraka. Nisamehe.

Iliasi


Kasongo, tarehe 9 Machi 2025

Iliasi.

Nimeiweka barua yako kwenye makaa. Hakuna aliyeisoma ila mimi.

Andika nyingine. Andika kwamba ulivuka ukaona nyasi. Ni kweli uliona nyasi, umesema mwenyewe zimeota, kwa hiyo hutakuwa umesema uongo. Andika vibanda, andika nyasi, andika hakuna mutu. Hiyo nitamupelekea sheikh, na Soraya atasubiri, na akisubiri atarudi hapa na mutoto, kwa sababu hapa ndipo nyumbani kwa mume wake. Akiingia eda ameondoka. Akiondoka, Fatuma ataitwa mutoto wa Nyangwe, atakuwa na baba mwingine wa kumufundisha kusali, na mimi nitabaki na chumvi.

Laiti ningesema kushoto! Abedi aliniuliza, neno moja tu, na mimi nikajibu kama mutu anayejua. Ningesema kushoto, ndege ingepanda, ingerudi, ungeangalia picha ukaona miti na mashimo, na ungeniandikia, shangazi, sijamuona. Ningeishi na hilo miaka yangu yote iliyobaki. Mukono wa kuume ndio umekupeleka pale.

Ukanda wa mupira unavaliwa na watu wengi. Meno yaliyoachana wanayo watu wengi.

Sina mwingine, Iliasi. Wewe una watoto, mimi sina mwingine. Andika nyingine.


Kasongo, Ijumaa, tarehe 4 Aprili 2025

Shangazi yangu mupenzi,

Asalamu aleikumu, na Idi njema iliyopita. Natumaini ulifungua mwezi salama na ulikula.

Umesoma vizuri hapo juu, niko Kasongo. Nimefika jana na Glody, niko kwa Apolline, dada yake Marcellin, nyuma ya soko. Unaweza kufika kabla chai haijapoa. Sikuja kwako moja kwa moja kwa sababu najua nikikuona nitasema utakalo.

Sikuandika nyingine. Nilijaribu, nakuapia. Niliandika nyasi, nikaandika vibanda, nikafika mahali pa kuandika hakuna mutu, na yeye yuko pale, nimemulaza mwenyewe. Nitamuitaje hakuna mutu?

Nimesikia Soraya na baba yake walikuja kwa Idi pamoja na Fatuma, wamefikia kwa sheikh. Leo baada ya sala ya Ijumaa nitasimama mbele yao niseme nilichokiona. Lakini kwanza nataka ukisikie wewe, kwa kinywa, kwa sababu barua unaweza kuichoma na kinywa changu huwezi. Utanipiga ukitaka. Utanilaani ukitaka, nitainama. Halafu twende pamoja. Usipotaka nitakwenda peke yangu, na sijui nitawezaje.

Hujabaki na chumvi tu. Mimi ni nani kwako?

Namupa Apolline barua hii akuletee. Anangoja jibu.

Iliasi


Ijumaa

Iliasi mwanangu,

Usiende peke yako. Habari hii haipelekwi na mutoto wa kaka wakati mama mwenyewe ana miguu.

Navaa. Goti linanichelewesha, kwa hiyo usianze kuzunguka zunguka nje, watu wakuone wakuulize. Umuambie Apolline akupe maji uoge vumbi la njia, na akupe kitu ule, najua hujala tangu jana.

Ukimaliza uje kwangu, usipige hodi, mulango uko wazi. Nisimulie yote, hata yale uliyosema hutayaandika. Nitakaa chini nisikilize. Halafu tukifika kwa sheikh wewe nyamaza kidogo, umutangulize mutoto Fatuma nje acheze. Soraya nitamuambia mimi.

Latifa,
mama wa marehemu Baraka